Jogoo, Shoka na Moto

Kati ya maswali yote tuliyowauliza wazee wa Kisumu miaka ile, moja lilikuwa langu. Nililileta mimi, nikalitetea mbele ya wenzangu, na Daktari akalikubali huku akigonga meza kwa kalamu. Swali lenyewe lilikuwa jepesi: "Mzee, mtu akitaka kutoka kwenye boma la baba yake aende kuanzisha lake, anafanya nini na nini? Nielezee kutoka mwanzo mpaka mwisho." Nilikuwa kijana, nimemaliza chuo juzi tu, na nilijiona nimevumbua kitu. Sasa nina mvi, na vijana ninaowafundisha bado huliuliza. Wakilifikia, mimi hutafuta kisingizio cha kutoka nje. Husema naenda kuangalia kama nimefunga gari.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Daktari alikuwa mama wa makamo, mzaliwa wa huku huku ziwani, aliyekwenda ng'ambo kusomea magonjwa ya ubongo akarudi na wazo lililowafanya watu wamcheke. Alisema mzee anayesahau mpaka akapotea njia ya kwenda choo chake mwenyewe hakurogwa, na wala si kwamba amezeeka tu. Ni mgonjwa, na ugonjwa wake unastahili kuchunguzwa kama malaria. Wakati ule wodi zilijaa watoto wenye homa, na vijana waliokuwa wakikonda kwa ule ugonjwa ambao watu waliutaja kwa kunong'ona. Nani angehangaika na mzee aliyesahau jina la mjukuu? Daktari alihangaika. Alipata fedha za mradi mdogo, akapewa vyumba viwili nyuma ya jengo moja kuukuu mjini, akatangaza kwamba anataka vijana waliotoka chuo, wa kabila lolote na wa somo lolote, ilimradi wanajua kunyamaza mtu mwingine akisema.

Sharti hilo la mwisho karibu liniangushe. Mimi ni Mjaluo wa upande wa Bondo niliyelelewa mtaa wa Migosi hapo mjini, na nyumbani kwetu mtu akinyamaza wanamuuliza kama anaumwa. Lakini nilichukuliwa. Nilikuwa nimesomea zuolojia, nikijua mengi juu ya matumbo ya samaki. Pamoja nami kulikuwa na kijana Mhindi ambaye familia yake iliuza misumari na mabati mjini tangu enzi za babu yake. Yeye alikuwa mtu wa hesabu. Kulikuwa na Mkisii mmoja mpole sana. Na kulikuwa na dada mmoja Mluhya kutoka Vihiga, mwalimu kwa masomo, aliyekulia Nyalenda na kukisema Kiluo cha sokoni kwa kasi ya kukutia aibu.

Huyo dada na mimi tulianza kutaniana siku ya kwanza. Kwetu Mjaluo na Mluhya wakiwekwa meza moja ni lazima wachokozane, la sivyo watu watadhani wamegombana. Yeye aliniambia Wajaluo tunaweza kukopa suti ili tukahudhurie mazishi ya mtu tusiyemjua. Mimi nilimwambia Mluhya akisikia kuku analia hawezi kumalizia sala. Hakuna neno zito lililopita kati yetu bila kuvalishwa mzaha kwanza. Nalitaja hili mapema kwa sababu ndilo lililoniponza.

Daktari alitufundisha kwa namna ambayo sijaiona kwingine, ingawa nimepita vyuo vingi tangu hapo. Mitihani ya kumbukumbu aliyokuja nayo kutoka ng'ambo aliiweka mezani, akatuambia tuipasue. Mtihani uliuliza majira ya mwaka, manne. Hapa sisi tuna jua na tuna mvua. Ulimtaka mzee achore pembetatu mbili zilizoingiliana, na tulikuwa na akina mama ambao hawajawahi kushika kalamu maishani. Ukiwapa kalamu wanaishika kama kisu cha kuparia samaki. Ulimtaka akumbuke maneno matatu, tukachagua mbuzi, ndoo na samaki, na mzee wa kwanza aliyeulizwa akataka kujua ni samaki gani, ngege au mbuta, maana mbuta yeye hali. Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akaturudisha mezani tukachague neno jingine.

Makosa yetu aliyapenda kuliko majibu yetu sahihi. Mkisii wetu mpole alikwenda Nyalenda akamuuliza bibi mmoja ana watoto wangapi. Bibi akanyamaza. Akamuuliza tena, bibi akatazama ukuta. Mwenzetu akarudi na habari kwamba bibi yule amesahau hata uzazi wake. Daktari akamwuliza, "Mama yako wewe, ulishamsikia akihesabu watoto wake kama mbuzi wa mnadani?" Mwenzetu akainamisha kichwa. Hata kwao watoto hawahesabiwi. Alikuwa analijua hilo tangu utotoni, ila digrii ilikuwa imempitisha juu yake kama mtu anayeruka mtaro. Sisi wengine tulimcheka, na kila mmoja wetu akafanya la kwake baadaye.

Katika kutafuta maswali ya kwetu ndipo nilipoleta lile la boma. Daktari alikuwa anataka jambo ambalo kila mzee wa Kiluo analijua bila kwenda shule, jambo lenye hatua zinazofuatana, ili tuone kama ubongo bado unaweza kushika mpangilio. Mimi nikasema dala. Dala ni boma la mtu, na mwanamume hana lake mpaka atoke kwa baba yake kwa utaratibu. Anaondoka alfajiri. Ndugu wa baba yake anatangulia kuonyesha mahali. Yeye mwenyewe amebeba jogoo. Kijana wake wa kwanza amebeba shoka. Mke anafuata nyuma na moto. Nguzo ya kwanza inasimamishwa, nyumba ndogo inainuliwa siku ile ile, na wanalala hapo. Ukimkosa mmoja kati ya hao, hasa kijana wa kwanza, mambo yanakuwa magumu. Asiyefanya hivyo atazikwa kwa baba yake kama mtoto, hata akifa na mvi zimefika masikioni.

Nilijua utaratibu huo vizuri kwa sababu nyumbani kwetu ulikuwa haujafanyika. Baba yangu alikuwa fundi wa injini za meli bandarini. Maisha yake yote ya kazi aliyapitisha mjini, katika nyumba za kupanga, na alipostaafu alibaki Migosi na Mama, akisikiliza redio mlangoni na kuwasalimu wapita njia kwa majina ya baba zao. Ardhi ya kujengea alikuwa nayo kule Bondo. Alikuwa ameshapanda miti ya kiberiti kuizunguka kama ua. Alilolitaka maishani lilikuwa moja tu, na hakulificha: aingie kwenye boma lake mwenyewe akiwa anatembea kwa miguu yake, mbele ya watu, mimi nikiwa na shoka.

Na alikuwa ananingoja. "Kijana amalize shule kwanza," alimwambia kila aliyemuuliza. Nilipomaliza sekondari akasema nimalize chuo. Nilipomaliza chuo nikapata mafunzo ya Daktari, akasema nimalize hayo pia, maana alitaka kuingia dala na kijana mwenye kazi, si kijana anayeomba nauli. Ami yangu, mdogo wake, alikuwa akimsukuma. Baba alimjibu, "Haraka haraka haina baraka." Hata mimi nilikuwa nikimuunga mkono. Ningewezaje kumpinga mtu anayenisubiri kwa fahari namna ile?

Sasa, Daktari alikuwa na taratibu zake mbili. Wa kwanza: kabla ya kwenda kwa wazee wa watu, kila mmoja wetu alete mzee wa kwao tujifunzie kwake, ila asimhoji yeye mwenyewe. Kinyozi hajinyoi, alisema. Tena alitupanga kwa makusudi. Wajaluo walihojiwa na Mluhya au Mhindi, Waluhya walihojiwa na mimi. Wengi walidhani ni mambo ya siasa, kuchanganya makabila ili wafadhili wafurahi. Haikuwa hivyo. Mzee wa Kiluo akiulizwa habari za dala na kijana wa Kiluo atasema, "Si unajua mwenyewe?" na hapo mtihani umekwisha. Akiulizwa na binti wa Vihiga ataeleza kila kitu toka mwanzo, kwa raha, kama mwalimu. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," Daktari alipenda kusema, na kwa kweli nimeona wazee wakichangamka kwa swali la mgeni kuliko kwa dawa.

Utaratibu wa pili ulikuwa wa kutunza siri. Alichosema mzee hakitoki chumbani, hata kwa mtoto wake. Tena majibu ya mazoezi yasichukuliwe kuwa kitu, kwa sababu sisi wenyewe bado tulikuwa wanafunzi; huenda kosa ni la muulizaji. Na ndani ya chumba, mzee akijibu vibaya usimsahihishe. Usikunje uso, usimsaidie. Sema "Asante, Mzee," uende swali linalofuata. Tulirudia "Asante, Mzee" mpaka tukawa tunaambiana hivyo tukipewa chai.

Nilimleta Baba. Alivaa koti lake la kazi la zamani lililopigwa pasi na Mama, akamsalimu Daktari kwa heshima zote, akaingia chumbani na yule dada. Mimi nilikaa nje kwenye benchi na Mama. Tuliwasikia wakicheka. Baba alikuwa hodari wa kumchekesha mtu, ukimuuliza leo ni siku gani, angekujibu, "Siku ya pensheni haijafika, hizo zingine zote ni sawa." Kila kicheko kilipotoka mlangoni nilijisikia vizuri zaidi. Walipomaliza, alitoka akiwa amemshika dada yule mkono, akaniambia kwa sauti kubwa, "Huyu ndiye mwalimu. Wewe unacheza tu." Tukacheka wote. Dada naye alicheka, kidogo.

Tangu hapo alianza kuniuliza habari za nyumbani. "Mzee anaendeleaje?" Nilimjibu kuwa yuko salama. Wiki nyingine, "Umeenda kumwona Mzee?" Nilidhani amempenda baba yangu, kama watu wengi walivyompenda. Halafu akaanza habari za dala. Tukiwa tunakula mandazi na chai ya saa nne, angesema, "Lakini nyinyi Wajaluo mko na maneno mingi. Dala, dala, na dala yenyewe hakuna. Sisi kwetu mtu anajenga, inaisha." Nilimjibu kwamba kwao wanajenga haraka kwa sababu nyumba yenyewe ni ya kuku. Mhindi wetu alipaliwa na chai.

Kisha ikaja nafasi. Daktari alikuwa na marafiki huko alikosoma, na walikubali kumchukua mmoja wetu kwa mwaka mmoja, akajifunze kusoma picha za ubongo na kurudi kufundisha wengine. Alinichagua mimi. Sijui kwa nini. Naamini dada yule alikuwa bora kuliko mimi, na hata leo nikimwambia hivyo ananiambia ninyamaze. Nyumbani kulikuwa na shangwe. Baba alitoka mlangoni na redio yake akawatangazia majirani. Ami yangu alikuja kutoka Bondo, akasema basi tujenge kabla sijaondoka, wiki mbili tu zinatosha. Baba akakataa katakata. "Ataingia dala akiwa ametoka ng'ambo," alisema. "Watu waone."

Siku ya mwisho kazini dada yule alinisindikiza mpaka barabarani. Nakumbuka alikuwa amebeba mwavuli ingawa jua lilikuwa linawaka, na alikuwa akiuchoma choma kwenye vumbi. Akasema, "Omera, ndugu yangu, jengeni kwanza. Ndege iko kila siku."

Nikamwambia ndege labda iko kila siku kwa Waluhya, lakini kwa Wajaluo lazima mtu aagwe na kijiji.

"Mimi siongei mchezo," akasema. "Ngoja ngoja huumiza matumbo."

"Tumbo lako ndilo linauma, unataka kuja kula jogoo wa watu. Huyo jogoo hachinjwi, dada."

Alinitazama. Kisha akacheka, kwa sababu mimi nilikuwa nacheka, na kwa sababu kati yetu hakukuwa na njia nyingine. Akanipa mkono, akarudi ndani.

Huko ng'ambo nilijifunza kwa bidii. Niliketi mbele ya picha za vichwa vya watu nisiowajua, nikifundishwa kuona mahali ambapo ubongo unasinyaa, na mahali pa kwanza kuguswa ni pale panapohifadhi mambo ya juzi na jana. Ya zamani hukaa. Mtu anaweza kukueleza injini ya meli mpaka skurubu ya mwisho na asijue amekula mchana. Niliyaandika yote hayo, nikafaulu, nikapongezwa. Kila baada ya muda nilipiga simu katika duka la akina yule Mhindi, ambao walikuwa wakimtuma mtu Migosi akawaite wazazi wangu wafike saa fulani. Baba alikuja kwenye simu na sauti yake ya bandarini, ile ya kushindana na injini. "Soma, nyathina," alisema. Mwanangu, soma. "Ukirudi tunajenga." Kila mara alisema hivyo, maneno yale yale, na kila mara nilikata simu nikiwa na furaha. Mara moja nilimuuliza amekula nini siku ile. Nikamsikia Mama pembeni akisema, "Omena." Baba akasema, "Omena, na ugali." Nikacheka, nikidhani Mama anamwingilia kama kawaida yake.

Mama alikuwa anammalizia sentensi kwa muda mrefu. Nilidhani ni mapenzi. Na yalikuwa mapenzi, ila yalikuwa na kazi nyingine ndani yake ambayo sikuijua, na yeye hakuona sababu ya kuieleza. Kwake mume alikuwa amechoka, basi, na mke anabeba kilichomshinda mume.

Niliporudi, Baba alinipokea vizuri sana. Alinikumbatia mlangoni, akaniuliza safari, akamwambia Mama alete chai. Nilipokuwa nakunywa ile chai akaniuliza tena kuhusu safari. Kisha akaniuliza mimi ni mtoto wa nani kule Bondo, maana sura yangu anaijua. Mama aliweka kikombe chini. Sikuwa na haja ya picha wala mtihani. Mwaka mzima nililipiwa nijifunze kuutambua ugonjwa huo, nikautambua katika kikombe kimoja cha chai, sebuleni kwetu.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda moja kwa moja kwa yule dada. Alikuwa chumbani, anapanga viti kwa ajili ya kundi jipya la vijana. Mradi ulikuwa umeongezewa muda. Sikumsalimu.

"Ulijua," nikamwambia.

Akaendelea kushika kiti. "Nilijua na sikujua. Niliuliza swali lako. Akaanza vizuri, Mzee wako. Ami anatangulia. Jogoo. Shoka. Halafu akarudi kwa jogoo. Shoka. Akarudi kwa jogoo tena. Anazunguka, kama mtu anazunguka nyumba anatafuta mlango. Hakufika kwa moto."

"Na hukuniambia."

"Nikafikiri ananifanyia mchezo, si unamjua? Nikafikiri ni mimi, Kiluo changu ni ya soko. Na tuliambiwa haitoki kwa chumba." Akaniangalia sasa. "Lakini nilikuambia. Nilikuambia mpaka kwa barabara. Ukacheka."

Niliketi kwenye kile kiti. Nilitaka kumkasirikia, na nilimkasirikia kwa siku kadhaa, lakini hasira ilikosa mahali pa kukaa. Alikuwa ameshika kanuni kama tulivyofundishwa, na alipoona kanuni imembana akatafuta njia ya pembeni, na njia pekee iliyokuwa wazi kati yake na mimi ilikuwa utani. Daktari naye alitufundisha siri kama alivyofundishwa yeye, katika nchi ambako mtu anakwenda kwa daktari peke yake na kurudi na ugonjwa wake peke yake. Kwetu habari mbaya hupewa shangazi au ami kwanza, naye huja, anakunywa maji, anauliza habari za mvua, na wewe unajua. Hatukumwachia ami nafasi katika utaratibu wetu. Daktari aliponisikia alibadilisha ule utaratibu. Tangu siku ile kila mzee hutaja mwanzoni mtu wa kwao atakayepewa habari. Vijana ninaowafundisha leo wanalikuta jambo hilo limeshaandaliwa, wanadhani lilikuwepo siku zote.

Sijawahi kujua kama ningesikia hata kama angeniambia waziwazi. Hilo linaniuma kuliko yote. Mtu anayesubiriwa na baba yake kwa fahari haoni upesi kwamba anayemsubiri anaondoka.

Ami yangu hakutaka kusikia maelezo ya ubongo. "Tunajenga Jumamosi," alisema, na safari hii hakuna aliyempinga. Tulikwenda Bondo. Mama alikuwa ameficha makaa kwenye chungu na kuyafunika kwa majivu. Shoka lilikuwa jipya, mpini wake Baba aliuchonga mwenyewe miaka mingi nyuma na kuuhifadhi juu ya kabati, ukawa laini kwa kupanguswa. Tulitoka kwenye boma la babu kabla jua halijachomoza, ami mbele, Baba na jogoo, mimi, kisha Mama. Majani yalikuwa na umande. Watu wa kijiji walisimama kwa mbali kama inavyotakiwa.

Baba alitembea vizuri. Miguu yake ilikuwa na nguvu, mgongo umenyooka, jogoo chini ya kwapa ametulia kabisa. Aliyemtazama kwa mbali aliona mtu anayeingia kwenye boma lake mwenyewe kama alivyoota. Nilitembea nyuma yake nikiutazama mgongo ule, na kwa kitambo nikajidanganya kwamba ziwa, hewa na njia aliyoijua tangu utotoni vimemrudisha. Tulipofika, ami alichimba shimo la nguzo ya kwanza. Miti ya kiberiti ilikuwa mirefu sasa, imezunguka kila upande. Baba aliitazama, akatazama shimo, akamtazama Mama na chungu chake. Alipendezwa. Akanisogelea, akaniinamia kwa adabu, kama mgeni anavyomuuliza mgeni mwenzake kwenye sherehe.

"Kijana," akasema, "hii dala ni ya nani?"

Mama alisikia. Ami aliacha kuchimba.

"Ni yako, Baba," nikasema.

Akacheka kwa upole, akatikisa kichwa. "Hapana. Mimi bado. Mimi nangoja kijana yangu. Iko shule, akimaliza tunakuja."

Nilikuwa nimeshika shoka. Nilifungua mdomo nimwambie, na kitu pekee kilichotoka ni kile nilichofundishwa.

"Asante, Mzee," nikasema.

Ami akaniita nije nikate nguzo.